Baiskeli Ishirini Zilizonyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa presha aliniambia ninunue daftari niwe naandika kila ninachokula. Nimeandika siku mbili. Ugali, sukuma, omena, chai. Ugali, sukuma, chai, andazi. Nimejichosha mwenyewe. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita hawezi kukaa akijisomea sukuma. Nitaandika mambo ya kazi humu, na chumvi nitaipunguza bila maandishi.

Leo baiskeli za umeme za kubebea mizigo ya wateja zimefika ofisini Hurlingham. Ishirini, nyeusi, mpya. Bosi wetu Janice amezizunguka mara tatu bila kusema neno, na Janice si mtu wa kunyamaza. Hizi ni za kujaribia. Nyingine sitini zinakuja kwa meli, na watu wa shirika la viwango wamemwambia hawataziachilia bandarini mpaka waone hizi za kwanza zimetembea salama msimu mzima wa mvua.

Mimi ndiye afisa wa usalama. Jina kubwa, kazi yenyewe makaratasi: cheti cha betri, cheti cha breki, barua za forodha. Halafu kuna sharti la mwisho, ambalo Janice alilisukuma mezani kwangu kwa kidole: kila mwendeshaji apewe maelezo ya usalama kwa lugha anayoielewa. Kitabu cha kiwanda kina kurasa arobaini na mbili za Kiingereza cha kuumiza meno. Nimepewa siku mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimemaliza! Kurasa arobaini na mbili zimekuwa mbili za Kiswahili. Nimebakiza ya betri, ya kuchaji na ya helmeti. Yale ambayo kila mtu anayajua nimeyakata. Watu wa kwetu Siaya walipanda baiskeli kabla hawajapanda gari, nani wa kuwafundisha? Janice ameyapitisha macho akasema, "Peres, wewe ni noma." Presha 138 kwa 88.

Alhamisi, 6 Machi

Hizi baiskeli zinalia. Ukifinya breki, ile sahani nyembamba ya chuma iliyo katikati ya gurudumu inapiga yowe mpaka askari wa jengo la pili anatoka kuangalia. Fundi wetu Wesonga anacheka. "Ni upya tu, Mama. Zitatulia baada ya wiki mbili, tatu."

Ivyne amepewa namba saba. Ivyne ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka ishirini na tatu, nimekaa naye Kawangware tangu akiwa darasa la sita. Kazi hii mimi ndiye niliyemtafutia. Atakuwa anabeba nyama kutoka machinjioni Dagoretti kuleta kwenye mahoteli ya Kilimani na huku Hurlingham. Leo alipofinya breki getini mbwa wote wa mtaa walimjibu. "Auntie," akasema, "na hii kelele wateja watadhani nimeleta ng'ombe akiwa hai."

Jumapili, 9 Machi

Kwetu kitu kipya hakitumiki hivi hivi. Nyumba, pikipiki, hata cherehani, lazima kifike kanisani. Nilimwomba Janice ruhusa, akakubali, akasema hata picha zitakuwa nzuri. Basi leo waendeshaji ishirini walizipanga baiskeli mbele ya kanisa letu Kawangware, na mimi afisa mzima nilisimama pale nikijisikia.

Pastor Were alipaka mafuta ya upako kwenye usukani wa kila baiskeli. Halafu akasema, "Akina mama, na magurudumu je? Si ndiyo yanayokanyaga hatari?" Akanipa chupa. Nikainama kwenye ya kwanza, nikaona ile sahani inang'aa, nikakumbuka yowe lake. Nikamwambia, "Pastor, hapa ndipo panapolia." Watu wakacheka. Akasema, "Basi hapo hapo, dada." Nikapaka sahani ya mbele kwenye zote, maana ya mbele ndiyo inalia zaidi. Ya Ivyne nikaimwagia mbele na nyuma. Huyo ni wangu. Yaliyodondoka nikapangusa kwa leso.

Nimefurahi leo, kusema ukweli. Nimeimba mpaka sauti imekauka.

Jumatatu, 10 Machi

Zimenyamaza. Zote ishirini! Ivyne ameingia getini kimya hata askari hakumsikia.

Wesonga amekuja mezani kwangu akijikuna kichwa. "Mama, hizi baiskeli mmezifanyia nini?"

"Tumeziombea."

"Maombi tu?"

"Maombi tu, fundi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ninajua, ngoja niandike. Wesonga huwacheka watu wa mafuta ya upako. Mwaka jana aliniuliza kama Pastor anaweza kuipaka redio yake mafuta ishike stesheni. Sikutaka anicheke mbele ya Janice, basi.

Jumatano, 19 Machi

Jua kali. Mvua imekataa. Wesonga anasema breki zimekuwa laini, ameanza kukaza nyaya.

Jumatatu, 24 Machi

Imenyesha! Kawangware yote ni tope.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua siku ya nne. Waendeshaji wawili wameteleza, hakuna aliyeumia. Mmoja amesema breki ya mbele "inabembeleza tu". Nikamwambia apunguze mwendo, hii ni mvua. Wesonga amezikaza zote tena. Nikamkumbusha aandike kwenye kitabu cha matengenezo, akasema ataandika. Mpaka jioni hajaandika, na mimi sijafuatilia.

Jumatano, 2 Aprili

Ivyne ameanguka.

Saa nne asubuhi simu ilipigwa na mwanamke nisiyemjua. "Wewe ndiye Auntie? Kuna msichana hapa chini ya mteremko, anasema tukupigie." Nilitoka ofisini bila mwavuli, bila kumwambia mtu. Ni ule mteremko mkali wa kushuka mtoni ukitoka Kawangware. Chini kabisa kulikuwa na lori la mchanga limeegeshwa. Aliligonga kwa ubavu.

Nilimkuta amelazwa kwenye mbao, watu wamemfunika kwa makoti. Nyama ilikuwa imemwagika barabarani, mvua inaiosha. Wengine walikuwa wanaiokota na kuirudisha kwenye sanduku, wengine wanaiokota na kuondoka nayo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Woi, Nyasaye, Mungu wangu. Nilipiga magoti kwenye maji. Alinishika mkono akasema, "Auntie, nilifinya. Haki ya Mungu nilifinya zote mbili." Mara nyingi, mara nyingi, mpaka ndani ya gari: nilifinya zote mbili. Aliogopa nitadhani alikuwa anakimbia.

Paja limevunjika mara mbili. Wamempasua mchana, wakaweka chuma na plasta. Daktari kijana aliniambia atapona, ila kutembea vizuri tutaona. Hilo "tutaona" nimerudi nalo nyumbani. Kitanda chake kimetandikwa vile alivyokiacha asubuhi. Sikupima presha.

Alhamisi, 3 Aprili

Janice amesimamisha baiskeli zote. Watu wa viwango wametaka ripoti, na meli ya zile sitini iko karibu kutia nanga. Amesema kampuni hii itakufa au itapona kwa hiyo ripoti. Ripoti ni kazi yangu.

Alimwita Wesonga akamuuliza nani aligusa breki. "Ni mimi, madam. Nilikaza." Umeandika wapi? Akatazama kitabu kitupu. Janice akamwambia aache funguo za karakana mezani, aende nyumbani asubiri. Alipotoka Janice aliniambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, Peres. Nilimwamini huyu mzee."

Nikakubali kwa kichwa. Mimi sijui ni nini kilizipata zile breki.

Jumatatu, 7 Aprili

Sasa ninajua.

Nimefungua kitabu cha kiwanda ili niandike ripoti. Ukurasa wa thelathini na moja. Mafuta ya aina yoyote yasiguse sahani ya breki. Sahani ikipata mafuta hukaa kimya, lakini haishiki. Haitoshi kuipangusa. Lazima isafishwe kwa dawa yake, na vibanio vya breki, vile vinavyoifinya sahani, vitupwe, viwekwe vipya.

Hukaa kimya, lakini haishiki.

Nikafungua droo nikatoa ile rasimu yangu ya Machi. Mstari huo nilikuwa nimeutafsiri. Uko hapo, kwa mwandiko wangu, Kiswahili kizuri tu. Halafu nimeukata kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika: "Nani atapaka breki mafuta?"

Nilikaa nikiutazama mpaka chai ikapoa. Nilicheka kidogo, ninaona aibu kuandika. Halafu nikaenda choo cha ofisi nikafunga mlango.

Kama ningepaka ya mbele peke yake, kama nilivyofanya kwa wengine kumi na tisa, ya nyuma ingemshika.

Presha 171 kwa 104.

Jumatano, 9 Aprili

Sikusema leo. Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikusema leo. Janice aliniuliza ripoti imefika wapi, nikamwambia ninasubiri karatasi ya hospitali. Uongo. Karatasi nilikuwa nayo kwenye mkoba.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Sikusema.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Pastor Were amemtaja Ivyne kwenye mahubiri. Alisema baiskeli iligonga lori, lakini mtoto yuko hai, kwa sababu ilikuwa imepakwa mafuta. Kanisa zima likasimama likapiga makofi. Wakanigeukia. Mama mmoja akanikumbatia. Nikasimama na mimi, nikapiga makofi. Mungu anisamehe, nilipiga makofi kwa sauti kuliko wote.

Mchana nilimpelekea Ivyne chapati. Amekonda, lakini mdomo wake haujakonda. Alinisimulia mgonjwa wa kitanda cha pili anayeomba kila nesi amuoe. Tukacheka. Halafu akasema, "Auntie, yale mafuta ya Pastor umebeba?"

Nilikuwa nayo. Huwa ninayo mkobani.

"Nipake mguu. Vile ulipaka baiskeli."

Aki, nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia plasta itaharibika. Akasema, "Si unipake hapa juu ya plasta, hata tone moja. Mkono wako ndio ninauamini." Nikafungua chupa. Mengine nikayamwagia shuka. Nikampaka juu ya paja, pale ngozi ilipo. Alifumba macho. Mimi nilikuwa na mdomo, nilikuwa na maneno, nesi hakuwepo, hakuna aliyenizuia. Nikaomba kwa sauti kubwa badala ya kusema.

Ijumaa, 25 Aprili

Ivyne ametoka hospitali. Nimempisha kitanda changu kwa sababu kiko karibu na mlango. Anasema nisijisumbue. Kila nikimbebea kikombe ananiambia, "Asante Auntie, bila wewe sijui."

Jumanne, 29 Aprili

Nimeenda kumwona Wesonga. Nilijiambia ninakwenda kumwambia.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, chini ya bati, anatengeneza mkokoteni wa mtu. Tope mpaka kizingitini. Alinipangusia stuli kwa shati lake mwenyewe. "Karibu, Mama. Ivyne anaendeleaje?" Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nikamwambia anaendelea.

Nilidhani nitamkuta na hasira. Hasira ningeiweza, mimi mwenyewe nina hasira za kugawia mtaa. Lakini mzee alikaa akizungusha spana mkononi akaniambia, "Mama, mimi nimefikiria sana. Nimetengeneza baiskeli miaka thelathini na moja. Lazima ni mimi. Labda nilikaza sana waya ukavutika. Labda ile namba saba niliifanya nikiwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja. Sikumbuki vizuri, lakini lazima ni mimi. Kama si mimi ni nani?"

Akaniomba nimpelekee Ivyne pole. Amemtengenezea gongo la kutembelea, la mti, ameweka mpira chini lisiteleze. Mpira ni wa tairi, ameukata vizuri na kuupigilia misumari midogo.

Nilibeba gongo nikaondoka. Niliaga vizuri kabisa. Hicho ndicho nilichofanya, mimi Peres, afisa wa usalama, mwimbaji wa kwaya.

Jumatano, 30 Aprili

Nilianza kuandika barua kwa Janice. Nimeichana.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nitaandika mpaka niishe.

Mkaguzi wa viwango amekuja. Anaitwa Carolyne, mdogo kwangu kwa miaka mingi, viatu vyake vya mvua amevibeba mkononi asichafue sakafu. Wesonga aliitwa pia, Janice alitaka atie sahihi maelezo yake. Alikuja na shati la Jumapili, akasimama karibu na ukuta kama mgeni. Karakana yake mwenyewe!

Carolyne hakuuliza mengi. Alitoa karatasi laini nyeupe mfukoni, akaifuta kwenye sahani ya breki ya namba saba. Ikatoka na doa la manjano. Akafuta ya namba tatu, doa. Namba kumi na sita, doa. Akanusa. "Haya ni mafuta," akasema. "Na si ya mashine. Yananukia kama ya jikoni."

Janice akamgeukia Wesonga. Na mimi nikamgeukia. Ninataka iandikwe humu kwamba na mimi nilimgeukia.

Wesonga akasema polepole, "Mimi siweki mafuta karibu na breki, madam. Lakini mke wangu huwa ananifungia mandazi. Labda mikono. Kama madam ameona mafuta, basi labda ni mikono yangu." Akanyoosha mkono achukue kalamu.

"Weka chini, Wesonga," nikasema.

Wakadhani nimekasirika naye. Nikafungua mkoba nikatoa chupa, nikaiweka mezani mbele ya Carolyne. Nikatoa na ile rasimu yenye wino mwekundu, niliyokuwa nimeibeba tangu Aprili. Nikasema, "Nilipaka mimi. Tarehe tisa Machi, kanisani. Zote mbele. Namba saba mbele na nyuma. Fundi aliniuliza, nikamdanganya. Mstari wa kitabu nilikuwa nimeukata mwenyewe."

Carolyne alifungua chupa akanusa, akalinganisha na karatasi, akaifunga. Janice alikaa chini. "Peres," akasema, "tangu lini unajua?"

"Tangu tarehe saba Aprili."

"Mwezi mzima? Huyu mzee amekaa nyumbani mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

Wesonga hakuniangalia. Alikuwa anatazama mikono yake, anaigeuza juu na chini. Halafu akasema, si kwa mtu yeyote, "Nilikuwa nimeshaanza kukumbuka nikifanya kosa hilo." Akatoka nje kwenye mvua. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikaita, "Fundi, nisamehe." Akasema, "Kesho, Mama. Leo wacha."

Carolyne ameamua: vibanio vyote vibadilishwe, sahani zisafishwe, maelezo ya Kiswahili yaandikwe upya yote, kurasa zote arobaini na mbili. Zile sitini zitakaa bandarini mpaka ayasome. Janice alisema atatafuta mtu mwingine wa kuyaandika. Carolyne akasema hapana, aandike huyu huyu.

Nikaenda nyumbani moja kwa moja. Ivyne alikuwa ameketi, gongo la Wesonga mapajani. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama, koti linadondosha maji. Nilimwambia yote, hata wino mwekundu, hata ile Pasaka.

Akauliza kitu kimoja tu. "Yangu ulipaka mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma."

"Wengine?"

"Mbele peke yake."

Akageukia ukuta.

Ijumaa, 9 Mei

Wesonga amerudi kazini. Nilimwomba msamaha mbele ya wote, akasema, "Nimesikia, Mama." Hakusema amenisamehe.

Jumapili, 11 Mei

Nimemwambia Pastor Were. Akauliza kama ni lazima kanisa lijue. Nikamwambia, "Pastor, Wesonga alisemwa mtaa mzima, naye hakuwa na kosa." Akasimama mbele ya kanisa akaeleza yote, na akasema yeye ndiye aliyenipa chupa. Safari hii watu hawakupiga makofi.

Jumatano, 14 Mei

Ivyne hasemi nami. Anakula ninachopika, anasukuma sahani. Hana pa kwenda na mguu ule, na mimi sina pa kujificha katika vyumba viwili.

Jumapili, 18 Mei

Hasemi. Mvua imepungua.

Ijumaa, 23 Mei

Ukurasa wa thelathini na moja umenichukua siku nzima. Nimeandika: "Mafuta ya aina yoyote yasiguse sahani ya breki: ya mashine, ya kupikia, ya nywele, wala ya upako." Carolyne amepiga simu. Anasema hajawahi kuona neno upako kwenye maelezo ya usalama, je, tulitoe? Nikamwambia hata ukitoa mengine yote, hilo liache. Akafikiri kidogo. Akaliacha.

Jumamosi, 31 Mei

Jua leo. Presha 146 kwa 92.

Asubuhi nilimwekea Ivyne maelezo mapya kando ya kitanda, yamefungwa kama kitabu, nikaenda kufua. Sikumwambia ayasome. Niliporudi na ndoo alikuwa amefika ukurasa ule. Nilijua kwa sababu alikuwa ameuwekea kidole. Hatujazungumza siku ishirini na tatu.

"Hapa chini hakuna jina," akasema.

Nilisimama na ndoo. "Maelezo huwa hayaandikwi jina la mtu, Ivyne."

"Wewe andika."

Nikatafuta kalamu. Niliyoipata ni ile nyekundu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaandika chini ya ule mstari: Peres Ochola. Alisoma jina langu polepole kana kwamba hajawahi kuliona. Akafunga kitabu, akakiweka chini ya mto.

Halafu akashusha mguu mzima sakafuni, kisha ule uliovunjika, akachukua gongo la Wesonga mkono wa kulia. Wa kushoto akaninyooshea.

"Nataka kufika mlangoni," akasema. "Futa mikono kwanza."

Nikaifuta kwa leso, nikarudia tena, ndipo nikamshika.